Aliyeuokoa Mstari wa 214

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Bi Lenzi anastaafu baada ya miaka thelathini na sita katika vitalu vya ngano vya kituo chetu cha utafiti. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu lenzi yake ya kukuzia ilining'inia shingoni hata siku ya harusi ya binti yake. Mkwewe anasema mpaka leo kwamba siku ile alikaguliwa kama jani.

Kazi yake ilikuwa kusoma kutu, ugonjwa wa kuvu unaotoa vipele vyekundu kwenye majani na mashina ya ngano. Alipangusa jani kwa kidole gumba, akataja asilimia ya ugonjwa; sisi wasomi tukihesabu kwa vipimo vyetu, tulikuta kakosea kwa moja au mbili. Waliobisha aliwaambia waende kwanza wakalowe umande.

Nilikuwa mkuu wake kwa miaka ishirini, na kuna jambo sitaki kuondoka nalo duniani. Msimu mmoja niliagiza kila mstari wa majaribio wenye vipele ung'olewe, ibaki ngano safi tu. Bi Lenzi akasimama mbele ya mstari wa 214. Vipele vyake vilikuwa vidogo, tena havisambai.

"Bosi, huyu anaumwa lakini halali kitandani," aliniambia. "Hao wasafi hawajaugua bado, ndiyo maana unawasifu."

Nilimjibu kwamba kufikiri ni kazi yangu, yake ni kuhesabu. Mstari ukang'olewa. Yeye alikuwa ameshachuma masuke manne, na kila msimu akayapanda pembezoni mwa kitalu, mahali ambapo wakubwa hatufiki kwa kuogopa tope.

Mwaka wa tano ikaja kutu ya aina mpya. Ngano safi, iliyotegemea jeni moja tu ya kinga, iliteketea ndani ya wiki tatu. Uzao wa 214, wenye kinga ndogondogo nyingi zinazosaidiana, ukajaza punje. Leo wakulima wanaupanda. Kwenye ripoti niliandika kwamba niliuchagua mimi. Bi Lenzi aliisoma, akanirudishia na sahihisho moja: nilikosea tarehe ya kupanda.

Mwezi uliopita, nikiwa mgonjwa kitandani, nilimwandikia msajili wa mbegu ukweli huu na kuambatisha madaftari ya Bi Lenzi ya misimu yote hiyo. Jibu lilifika Jumatatu. Mgunduzi ni yeye, peke yake. Jina langu limefutwa kwenye ukurasa wa sajili, na sijawahi kujivunia ukurasa kama huo.

Asante, dada yangu, kwa kunikaidi. Kituo kizima kinakuombea siku nyingi zenye afya. Mimi nakuomba radhi.