Chura wa Uzi

Kijiwe chetu ni benchi refu mbele ya kibanda changu cha kushona viatu. Mguu wake mmoja umewekewa soli ya buti ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua. Hapo Mama Birika anauza kahawa, na hapo watu wazima na akili zao huja kudanganyana. Asubuhi hiyo aliyekaa katikati, kaipa barabara mgongo, ni Uzi, fundi cherehani, kajiinamia kama mfiwa. Baba mkwe wake anakuja jioni, naye Uzi amemwahidi kumkaangia samaki aliyemvua mwenyewe kwenye kibwawa cha nyuma ya tanuri la matofali. Mzee ni mvuvi wa kufa mtu. Mkwe asiyejua kuvua, kwake si mkwe, ni mpangaji wa binti yake. Nilimwonea Uzi huruma, lakini si nyingi.

— Bado hujampata? — Mama Birika akamuuliza, huku anammiminia.

— Wapi! — Uzi akajibu. — Yupo pale chini ya majani, domo pana kama mlango wa duka. Nikitupa chambo anakidaka vizuri tu. Nikivuta, anatema.

— Unamtupia nini?

Uzi akatoa mfukoni chura wa kitambaa. Jamani, kazi! Bitana ya koti, macho ya vifungo vya shati, miguu imepindwa vizuri kuliko suruali yangu ya sikukuu. Chura akapita mkono kwa mkono, kila mtu akamsifia.

Kinyozi wetu, tunayemwita Profesa kwa sababu hakuna jambo asilolijua, akamgeuzageuza.

— Tatizo ni rangi. Nyeusi inamtia huzuni. Samaki akishahuzunika, chakula hakipiti.

— Rangi gani! — akadakia Afande, mlinzi mstaafu ambaye mpaka leo anavaa mkanda wa kazi. — Kibwawa chenyewe ukirusha kiatu kinavuka ng'ambo. Samaki wa sehemu ndogo vile anatujua wote kwa nyayo. Uzi akikanyaga tu, mwenzake kishapiga ripoti.

— Aripoti kwa nani, na yuko peke yake? — Profesa akauliza.

— Ndiyo ujue ni mjanja.

— Peke yake wapi, — Mama Birika akasema. — Yule ana nyumba mbili. Kuna bomba la zamani linatokea kwenye bwawa la shule. Anakuja hapa kwa mke mdogo. Anaonja tu kwa heshima, kisha anatema, maana akirudi kule ameshiba ataulizwa kala wapi.

Mama Birika kaachika mara mbili, mambo hayo ana uzoefu nayo.

— Basi nifanyeje? — Uzi akalia kabisa. — Mzee akikuta sahani tupu nimekwisha. Mke wangu mwenyewe ameshaanza kuniita fundi wa maneno.

— Mloweke chura kwenye kahawa, — Profesa akashauri. — Samaki akionja, anachangamka, hatemi.

— Akichangamka si ndiyo atakimbia! — Afande akafoka. — Mvizie akisinzia. Mimi lindoni nilikuwa nasinzia saa nane mchana. Kila kiumbe kinasinzia saa nane.

Katikati ya kelele hizo mzee mmoja mwenye kofia ya majani alikuwa amesimama nyuma ya Uzi, begi mkononi. Hatukumjua. Mama Birika akampa kikombe, Afande akampa chura, maana kwetu mgeni hakaribishwi mikono mitupu. Mzee akambinya chura tumboni, akambinya tena.

— Ndoano iko wapi? — akauliza.

Hata kugeuka Uzi hakugeuka.

— Iko ndani, mzee wangu. Nimeishonea bitana juu isichomoze. Mimi siwezi kutoa kazi yenye ncha nje.

Profesa akajitia kupuliza kahawa yake. Afande akaanza kukaza mkanda wake ambao haukuwa umelegea. Tulimshika wote chura yule, tukasifia mishono.

— Mwanangu, — mzee akasema taratibu, — nimewahi basi la asubuhi.

Hapo ndipo Uzi alipoijua sauti. Akainuka, kahawa ikamwagika yote kwenye suruali, shikamoo ikamtoka vipande vipande.

— Marahaba. Kaa, mwanangu, kaa. — Mzee akamrudishia chura wake kiganjani, kwa upole uliotutisha sote. — Na wale samaki unaoniletea kila mkija kwangu, ulikuwa unawavua na nini?

Uzi akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Afande. Afande akanitazama mimi, nami nikashika kiatu, nikakigonga misumari ambayo hakikuihitaji.

— Kahawa imekwisha, — akatangaza Mama Birika, na birika lake limejaa mpaka shingoni.