Nyumba Iliyonadiwa Nje ya Mahakama

Ndani ya basi la Atlanta, Bi Verlene alimgeukia mzee asiyemjua aliyeketi kando yake. "Leo benki imeninadia nyumba, pale kwenye ngazi za mahakama!"

"Pole, dada. Hakimu alisemaje?"

"Hakimu gani? Hapa Georgia wanatangaza gazetini, wananadi, basi!"

"Mbona kule Florida mdogo wangu alipelekwa mahakamani, akajitetea?"

"Basi nibebee nyumba uipeleke Florida!"

Abiria wakacheka. Verlene hakucheka. "Mwizi wa kuku husomewa mashtaka. Mimi niliugua, nikachelewa kulipa mkopo wa nyumba. Nani amenisikiliza?"

Basi likasimama, na dereva aliyemzoea akaita, "Bi Verlene, kwako hapa!"

"Kwangu wapi?" akamfokea, akashuka.