Zawadi ya Mwihaki Ataipokea Mwihaki

Tarehe 31 Desemba 1978, Mama Mwihaki ataweka chini sindano ya gunia baada ya miaka kumi na saba katika stoo yetu ya mahindi hapa Eldoret. Kamati ya ushirika imeniagiza mimi, Kipyego wa mizani, niandike wasifu mfupi wa kuchangamsha. Mfupi nitajaribu. Wa kuchangamsha tutaona, maana nimekasirika tangu asubuhi, na sababu nitaisema.

Alianza kazi 1961, stoo ikiwa bado ya mzungu. Malori yaliingia kutoka Moi's Bridge yamejaa mahindi, na gunia lililoshonwa na Mwihaki halikuwahi kufumuka njiani. Ukimsifu, alijibu kwamba yeye ni mtu wa magunia tu. Uhuru ukaja, stoo ikawa ya ushirika, naye bado aliingilia mlango wa nyuma. Alikuwa mjane. Hisa yake aliinunua kwa jasho lake mwenyewe, lakini aliiita hisa ya marehemu. Siku moja wakati wa chai alituambia anatamani siku moja apate shamba lake, afuge ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, halafu akajicheka kabla hatujamcheka sisi.

Mwaka 1966 ushirika uligawa shamba tulilonunua upande wa Kimumu. Namba za ploti zilikunjwa kwenye vikaratasi, zikatiwa ndani ya debe. Wanaume waliokota. Wanachama wanawake walisimama kando ya ua, kila mmoja akiokotewa na mwanamume wa kwao. Hakuna sheria iliyosema hivyo. Yalikuwa mazoea, tena mazoea ya kipumbavu.

Mwihaki aliokotewa na shemeji yake Gerishon, mwanakamati. Gerishon aliokota vikaratasi viwili, akavikunjua vyote, akavitazama, ndipo akaamua kipi ni cha nani. Yeye akapata kando ya mto. Mwihaki akapata mawe. Kamati nzima iliona, ikageukia mbuzi aliyekuwa akichomwa. Na Mwihaki akamshukuru. Jamani, akamshukuru! Alisema mtu kama yeye angepewa nini zaidi.

Kati ya mawe yale kulikuwa na nyasi. Alinunua ndama dhaifu ambaye Gerishon alitangaza kwamba hatamaliza msimu wa mvua. Ndama akamaliza, akakua, akazaa. Mwihaki akaanza kuuza maziwa mjini kabla ya kuja kazini, nasi tukaanza kuona mtu mwingine. Mlango wa nyuma aliuacha. Msimamizi alipomwita "wewe wa sindano", alimkumbusha kwa upole kwamba ana jina.

Mwaka 1973 mpima ardhi aligundua mipaka imekosewa, ikabidi namba ziokotwe upya. Gerishon alikuwa ameshakunja mikono ya shati, tayari kuokota mara mbili. Mwihaki akatoka kwenye ua, akapita katikati ya wanaume, akasimama mbele ya debe.

"Shemeji, mkono wangu si mgonjwa," akasema. "Toa wako."

Gerishon akautoa. Mwihaki akaokota, akakunjua mwenyewe: mawe tena, karibu palepale. Wanaume wakaangua kicheko. Yeye alirudi akitabasamu, kwa sababu safari hii mawe alikuwa ameyaokota mwenyewe, na alishajua yanalisha ng'ombe. Wanawake waliobaki kwenye ua wakamfuata kwenye debe mmoja mmoja. Leo zizi lake lina ng'ombe wa gredi kama alivyotamani, na chai inayonywewa nyumbani kwa Gerishon ni ya maziwa yake.

Sasa hasira yangu. Asubuhi nimeletewa ratiba ya sherehe niipige chapa. Inasema zawadi ya mstaafu itapokewa na Bwana Gerishon kwa niaba yake. Kwa niaba yake! Huyu mama ameaga dunia? Anaumwa mikono? Watu wazima wamekaa kikao, wakakubaliana, wakanywa soda, wakaenda nyumbani. Hawana haya hata kidogo. Jina la Gerishon nimelifuta. Anayetaka kunifukuza atanikuta kwenye mizani.

Mama Mwihaki, asante kwa kila gunia. Mungu akupe afya, zizi lijae, upumzike vizuri. Siku hiyo ukisikia jina lako likiitwa, usigeuke kutazama nani anakwenda. Njoo mbele, unyooshe mkono.