Nguo Zisizochafuka

Dereva wa winchi alikuwa amevaa shati la pasi, maana siku ya kwanza kazini mtu hujipendekeza hata kwa mawe. Bandari ameipa kisogo, leo anaanza mgodini. Mama dobi aliyeketi naye basini akamkagua kola. Jicho la dobi halijui likizo.

“Mgodini unafuata nini, mwanangu?”

“Mkate, mama. Wiki ya tatu hii hakuna meli. Winchi yangu imegeuka kiota cha kunguru.”

Dobi akacheka, kisha akaacha ghafla. “Miaka kumi na minne nafua nguo za wachimbaji. Zamani maji yalitoka mekundu kama chai. Siku hizi nafua ovaroli, povu linabaki jeupe. Hawachimbi hao, mawe yamekwisha, wanashinda wakipiga soga. Leo nachukua furushi la mwisho, nahamia bandarini.”

“Bandarini? Si nimekwambia hakuna meli?”

“Na mimi si nimekwambia hakuna mawe?”

Hapo ndipo dereva alipokumbuka winchi yake ilikuwa ikipakia nini.

Basi likasimama getini. “Mgodini, shukeni!” konda akapaza sauti.

“Tangulia, mama.”

“Hapana, mwanangu, tangulia wewe.”