Wavu Uliofumwa Nyuma ya Mulango

Bwana asifiwe, ndugu zangu, nyinyi wa huku Nchelenge na nyinyi wa ng'ambo, kule Kasenga! Miye ni Bana Mwape, ni kusema mama yake Mwape. Shuleni nilikaa kidogo tu, wakanitoa niende kufukuza ndege kwenye shamba la ulezi la mama. Basi mukikuta maneno yamepinda, muyanyooshe wenyewe. Naandika kwa Kiswahili cha soko, kile tulijifunza kwa kuuza samaki, ili wa ng'ambo nao wasome. Nataka kuwaambia namna Bwana alinitoa shimoni. Lakini sitawadanganya. Hakunitoa na kitu mukononi.

Ilikuwa ile miaka ya hamsini, wazungu wa boma wakitembea bado na kofia zao ngumu. Niliolewa na Yakobo, mutu wa kijiji cha Puta. Kwa bwato, ule mutumbwi wa kuvulia, Yakobo alikuwa mwanaume kweli, upepo ukivuma anaimba. Lakini vidole vyake! Vidole kama ndizi! Fundo la wavu likimushinda analitukana kama mutu. Miye baba yangu alinifundisha kufuma kabla ya kupata watoto wanaume, na vidole havisahau.

Nyuzi tulizipata kwenye matairi makuukuu ya malori ya samaki. Unapasua tairi na kisu, unachomoa uzi moja moja, halafu unausokota juu ya paja. Watoto wa leo wananunua wavu wa nailoni dukani, hawajui. Mpaka sasa paja langu la kuume linang'aa kama kibuyu, hakuna hata unywele.

Bon, basi. Huku pwani ya ziwa, siku zile, watu walisema wavu uliopita mikononi mwa mwanamuke haushiki samaki, na bwato inayoubeba itazama. Hakuna mwanaume angekubali kupanda. Kwa hiyo nilifuma ndani, mulango umefungwa, na jua linapita kwenye kitundu cha ukuta. Yakobo alikaa inje, sindano ya muti mukononi, kipande cha wavu kwenye kidole cha muguu, kama ndiye anayefuma. Watu wakipita wanamwita, "Ee Yakobo! Buibui atakuja kwako kujifunza!"

"Ni zawadi tu, ndugu yangu," anasema. "Ni zawadi."

Na miye ndani nauma kitenge nisicheke. Kisimani wanawake wakiniuliza, "Bana Mwape, unamusaidia bwana yako?" nawajibu, "Miye? Hata kuugusa siugusi!" Ndugu zangu, mushike neno hilo. Nililisema mara nyingi, na kwa furaha, kwa sababu nilidhani ni siri ya nyumba yetu, na siri ya nyumba ni kama chumvi, haionekani lakini inakoleza.

Wavu ule ukakua. Ukatupatia bwato ya mbao, ukatupatia baiskeli, ukamuvalisha Mwape nguo ya Krismasi. Halafu ukamupa Yakobo bibi mwingine kule Puta, musichana anayecheka na meno yote. Yakobo akaniambia nirudi kwa mama yangu, kule Kafutuma.

Tukaenda koti ya mufalme, ni kusema baraza lake la kuhukumu. Wazee wamekaa kwenye viti, kapaso, yule askari wa mufalme, amesimama pembeni anafukuza kuku. (Kuku hao walikuwa wangu, nilikuja nao nisije nikaibiwa. Wacha niendelee.) Muzee mukubwa wa koti akasema desturi ni nyepesi: kitu cha moto ni cha mwanamuke, kitu cha maji ni cha mwanaume. Vyungu, kinu, mukeka na kuku, chukua. Bwato na wavu ni vya Yakobo.

Nikasimama. "Wazee, bwato nimeacha. Lakini wavu nilifuma miye. Mafundo yote ni ya mikono yangu. Munipe hata nusu, nimulishe mutoto."

Koti yote ikacheka! Mutu moja nyuma akapiga kelele, "Mama, kesho utasema hata ziwa ulilizaa weye!"

Muzee akamugeukia Yakobo. "Muke wako alifuma wavu wako?"

Nilimuangalia Yakobo. Wenzake wa bwato walikuwa pale, wamekunja mikono, wanamungojea. Angesema ndiyo, asubuhi angebaki peke yake kwenye maji. Hakuniangalia. Akasema, "Aulizwe mutu aliyemuona."

Nani aliniona? Mulango! Mulango peke yake! Wakamwita Bana Kaoma, rafiki yangu, mwanamuke wa ukweli, hajui uongo. Akasema polepole, "Wazee, miye sikuona. Yeye mwenyewe alituambia kisimani kwamba hata kuugusa haugusi." Akalia akisema hivyo. Na alisema kweli, ndugu zangu! Kinywa changu ndicho kilinihukumu.

Niliondoka na kinu kichwani, vyungu mugongoni mwa Mwape.

Kule Kafutuma sikuweza kuomba. Ninapiga magoti, maneno yanakauka kama matope. Muchana nakaa kwenye kizingiti, mikono imelala juu ya mapaja haina kazi, kama mikono ya maiti. Mama yangu ananiambia, "Kula." Nasema nimeshiba. Na siku ya soko nilishuka Nchelenge na unga wa muhogo kubadilisha na samaki, na nani aliuza samaki? Yule musichana wa Puta. Na samaki walitoka wapi? Kwenye wavu wangu! Nilisimama kwenye musitari kama mugeni.

"Mama, unga huu ni kidogo," akaniambia. "Ongeza."

Nikaongeza. Mutoto alikuwa na njaa, ningefanya nini? Nilirudi na samaki wale, nikawapika, Mwape akala. Miye sikuwaonja. Siku zile nililitazama ziwa kwa macho mabaya, kama mutu anayetaka kuingia asirudi. Sitaandika zaidi. Anayejua, anajua.

Halafu kiboko akapita katikati ya wavu, akaupasua.

Dada yake Yakobo, Doroti, akaja Kafutuma na gunia, juu ameweka majani ya muhogo. Akafunga mulango nyuma yake. "Bukwe wangu," akasema, ndivyo tunavyoitana shemeji kwa shemeji, "Yakobo amejaribu, imemushinda. Anasema uufunge mafundo kama zamani. Usimwambie mutu. Atakutumia samaki."

Akamwaga wavu kwenye mapaja yangu. Ulikuwa bado na maji. Ndugu zangu, niliulilia kama mutoto aliyerudishwa. Niliyajua mafundo: hapa Mwape alikuwa na surua, hapa baba yangu alikufa. Kisu kilikuwa karibu. Roho moja ilisema, kata nusu yako, ficha. Roho nyingine ilisema, funga tu, pata samaki, nyamaza. Na miye nikasema neno la kwanza kwa Mungu tangu koti: "Bwana, weye uliona."

Hilo tu! Na hapo nikajua kwamba mulango haukuwa peke yake! Kulikuwa na mwingine mule ndani, siku zote, anaangalia vidole vyangu! Haleluya!

Nikaubeba wavu, nikafungua mulango. Doroti akanishika kitenge. "Unakwenda wapi? Bana Mwape, utauua huo wavu!" Nikashuka naye nyuma akilia mpaka Nchelenge, kwenye muchanga, pale bwato zinaposhusha samaki, jua liko kichwani. Nikakaa. Nikapandisha nguo mpaka pajani, watu wote wakaona ngozi inayong'aa. Nikaanza kufuma.

Soko likaacha kuuza. Bana Kaoma akaja, akakaa karibu yangu, akanishikia ncha ya wavu. Yule muzee wa koti akasimama, akatazama vidole vyangu muda murefu. Akasema, "Sasa tumeona, mama. Lakini koti imekwisha kusema." Akaenda.

Nilipofunga fundo la mwisho, Yakobo alikuwa amefika, na wenzake. Nikamwambia, "Baba Mwape, wavu wako huu. Umepona." Wenzake wakarudi nyuma. Hakuna aliyeugusa. Yakobo akauangalia, akaniangalia, kwa mara ya kwanza tangu koti. Nilitamani aniachie wavu! Hakuniachia. Akaukokota pembeni, akauwasha moto mbele yangu. Nyuzi za tairi zinaungua na moshi mweusi, munajua. Mafundo yangu yote. Nilikaa pale mpaka ikabaki majivu.

Hata leo lori likiunguza tairi barabarani, napita njia nyingine. Sikurudishiwa kitu. Kuna siku bado nauliza kwa nini. Lakini jioni ile nilikula, nikaomba, nikalala. Na kesho yake nikachukua tairi kuukuu, nikakaa mbele ya nyumba ya mama, mulango wazi nyuma yangu, nikaanza kusokota. Mwape akakaa karibu. Nikamwambia, tazama vizuri.

Asante Bwana, asante! Weye ulikuwa shahidi wangu wakati sikuwa na shahidi. Na weye unayesoma, kama kazi ya mikono yako imefungiwa ndani na mutu mwingine anasifiwa inje, sikuahidi utapata nusu yako. Miye sikuipata. Lakini usiseme hakuna aliyeona. Mutegemee Yeye aliyemo humo ndani pamoja nawe, halafu simama, ufungue mulango.