Unga Niliouficha Chini ya Sinki

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Bwana, yeye aliyemwacha mwanangu hai. Asifiwe sana! Leo nimeomba nafasi niseme jambo la jikoni kwangu. Najua wengine mtacheka kidogo, jikoni nako kuna ushuhuda? Nisikilizeni kwanza.

Mnanijua kwa uji. Ukija kwangu mtaani Xiaobei, kabla hujavua viatu nimeshakuwekea kikombe. Ni uji mchachu, kama wa kwetu Tukuyu: unaloweka unga wa mahindi, unaufunika, unauacha uchachuke, halafu unapika. Mama yangu alifanya hivyo maisha yake yote na hakuna aliyeumwa. Lakini Tukuyu ni baridi, ndugu zangu. Hapa Guangzhou mwezi wa tatu kuta zinatoka jasho, nguo hazikauki, na hata mkate wa asubuhi jioni una ukungu. Hilo sikulifikiria. Tena nilikuwa mtu wa kuombea chakula kwa sauti kubwa, na kitambaa nilichofutia meza ndicho hicho hicho nilichofutia vikombe. Nilijiona msafi kwa sababu sakafu yangu inang'aa.

Basi nikaloweka unga wangu kwenye ndoo ndogo. Kesho yake wakaja wageni kutoka nyumbani, wanunuzi wa nguo, nikawa nawazungusha kwenye masoko ya nguo ya Shahe kutwa nzima. Unga nikausahau. Siku ya tano mume wangu, ambaye mnajua yuko chuoni hapa anasoma, akaukuta unanuka. Akaniambia, "Mama Upendo, hiki kitu kitupe." Nikamwambia nimetupa. Sikutupa. Niliona uchungu kumwaga unga wa kutoka nyumbani, nikausukuma chini ya sinki.

Siku ya tisa, Jumamosi asubuhi, nikautoa. Juu kulikuwa na utando wa rangi ya waridi pembeni pembeni. Nikaukwangua kwa kijiko, nikasema moto utamaliza yote. Nikapika, nikatia sukari, nikampa Upendo wangu wa miaka minne. Alikunywa nusu kikombe, akasema mchungu. Nikamlazimisha anywe kidogo tena. Hapo ndipo moyo unaponiuma mpaka leo.

Jirani yangu wa mlango wa pili ni mama wa Kichina, tunamwita Ayi, kama sisi tunavyosema shangazi. Aliniletea machungwa, akaiona ile ndoo mezani. Akainama, akanusa, akabadilika uso. Akachukua sufuria yangu ya uji, akaimwaga yote kwenye sinki bila kuniuliza. Nilikasirika sana. Akaandika kwenye simu yake, simu ikatafsiri: "Unga wa mahindi uliokaa hivi unaua. Kuuchemsha hakusaidii. Nani amekula?"

Nikageuka nikamtazama mtoto. Nikamwonyesha Ayi kwa kidole, ndugu zangu, huku najiambia nusu kikombe si kitu.

Haikupita saa moja Upendo akaanza kushika tumbo, akatapika. Nikampigia baba yake, tukakutana hospitali. Daktari alikuwa dada kijana, mpole. Aliuliza kwa Kichina, mume wangu akanitafsiria: unga ulikaa siku ngapi? Nikasema, "Mbili, ni unga mwingine." Ilinitoka tu. Nilikuwa namwogopa mume wangu kuliko kifo cha mtoto wangu. Hivyo ndivyo aibu inavyomfanya mtu mjinga.

Daktari akaandika. Mume wangu akaniambia, anasema pengine ni tumbo la kawaida, atatupa dawa, twende nyumbani tumwangalie. Nilipaswa kufurahi. Upendo alikuwa mapajani kwangu, mkono wake wa baridi, haulizi kitu, na yeye mtoto wa maswali. Nikaomba, na sikumwomba Mungu amponye. Niliomba mdomo wangu ufunguke.

Nikasema, "Baba Upendo, ni siku tisa. Sikuutupa. Nilikudanganya."

Alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile. Halafu akamgeukia daktari, akamtafsiria maneno yangu kwa Kichina. Yule dada akasimama pale pale, akaita wenzake, wakamchukua mwanangu wakamsafisha tumbo. Walituambia kuna sumu inayoingia kwenye ini, na kwamba dawa yake hasa hakuna, ni kuwahi na kungoja.

Tukangoja siku tatu. Kila asubuhi wanachukua damu. Kila nikisikia viatu vya nesi naanza kutapatapa. Mume wangu hakunilaumu hata kidogo, na hilo lilinitisha zaidi. Siku ya pili alininunulia supu, akaiweka mbele yangu, akasema tu, "Kula. Utaanguka." Siku ya nne daktari akaja anatabasamu kabla hajafika kitandani. Ini la mtoto lilikuwa salama. Nililia mpaka akanishika mabega.

Sasa jikoni kwangu unga haulowekwi tena msimu wa unyevu. Chakula kikibaki kinaingia kwenye friji, kikinitia shaka kinaingia kwenye taka. Vitambaa nachemsha, ubao wa nyama hauoni nyanya. Sijawa jasiri, msidanganyike. Nikifunua sufuria bado naogopa, na namshukuru Mungu kwa woga huo.

Namshukuru yeye, na Ayi, na yule dada daktari. Na wewe uliyekaa hapo na jambo ulilolificha kwa aibu, mwamini Bwana ulitoe. Mimi nilidanganya mbele ya daktari, na Mungu akaniachia muda wa kurudi kusema kweli wakati mtoto bado anapumua. Wewe usimjaribu. Sema leo.