Mzee Wanzagi na Ngege Wakubwa wa Guta

Mzee Wanzagi Nyamhanga anastaafu leo, Ijumaa, tarehe 28 Juni 1974, baada ya kukitumikia kituo chetu cha utafiti wa samaki hapa Musoma kwa miaka ishirini na mmoja. Aliingia akiwa mfagizi, anatoka akiwa mtunzaji mkuu wa matangi.

Siku ya Uhuru sisi wote tulikwenda uwanjani. Yeye alibaki kulisha samaki, akisema wao hawajatangaziwa sikukuu.

Mwaka huu kituo kilikuwa kinachunguza kama ini la ngege mdogo, yule samaki wa ziwani jamii ya sato, gramu kwa gramu, hufanya kazi kwa kasi zaidi kuliko la ngege mkubwa. Kipande kibichi cha ini huwekwa chupani, kisha hupimwa kinatumia oksijeni kiasi gani. Kabla ya kupima, wadogo na wakubwa walipaswa kulelewa miezi mitatu kwa chakula kimoja. Wakubwa ni adimu siku hizi, nyavu haziwaachi wakue. Mzee aliwafuata Guta, akawaleta ndani ya mapipa juu ya lori la pamba, akiwabadilishia maji njiani. Wavuvi walimpigia kelele: "Mzee, wakwe zako leo wamepanda gari!"

Mwezi Machi, zikiwa zimebaki wiki mbili tuanze kupima, dizeli ilikosekana mjini. Iliyokuwepo ilitosha mashine moja tu ya kupuliza hewa majini, na matangi yalikuwa mawili. Dorkas Mbuke, mpimaji wetu wa maini, alimwonya: "Mzee, wadogo watatangulia. Ini lao halipumzikagi."

"Najua, mwanangu. Lakini hawa wakubwa nitawapata wapi tena?"

Akawapa wakubwa hewa. Wadogo tuliwabadilishia maji kwa ndoo, kwa zamu. Alasiri walikuwa wanaelea wote.

Wadogo wapya wasingelingana na wakubwa waliokwisha kuzoea tangi, na kibali cha kuanza upya hakikutolewa. Kazi ikafungwa. Hakuna aliyemlaumu, lakini tangu siku ile hajamtania mtu.

Kamati ya sherehe iliamua wale ngege wakubwa wawe kitoweo cha leo. Aliombwa awatoe yeye, kwa kuwa samaki hao huusogelea mkono wake. Akawatoa asubuhi, akaomba jambo moja tu: Dorkas ayapime maini. Dorkas ameyapima yote, ingawa hakuna cha kuyalinganisha nayo.

Tunakushukuru, Mzee Wanzagi. Nenda salama nyumbani kwako Bugwema, Mungu akupe uzee wenye utulivu.